Kocha Alipokuja Kuposa Kipa

Kama hujawahi kufungua begi la kipa lililolala ndani ya buti ya gari, Doha, mwezi wa Agosti, mshukuru Mungu wako. Ni harufu ya jasho na raba na kitu kingine kama maziwa yaliyoharibika, vyote vikiwa vimechemshwa pamoja na jua. Mwaka huu nilikuja likizo kwa wazazi, nikaenda kutoa gunia la mchele kwenye gari la Baba, na ile harufu ikanipiga usoni kabla sijaona kitu. Begi langu la lakrosi! Glavu, kinga ya kifua, helmeti yenye wavu mbele, vyote vipo tangu nilipokuwa msichana wa sekondari. Nikamuuliza Baba kwa nini hajalitupa. Akanijibu bila hata kugeuka kwamba kitu kilichofanya kazi hakitupwi. Nikashika kiuno. Ndivyo alivyo huyo mzee, na nikikumbuka alivyonitesa mwaka ule wa makocha, hadi leo kichwa kinaniuma. Hebu niwasimulie, mnisaidie kuhukumu.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, juu ya duka la fundi cherehani ambaye redio yake haikuzimwa kamwe. Mama alikuwa muuguzi wa shule moja ya wageni, na kwa kuwa alikuwa mfanyakazi wao, mimi nikapata nafasi ya kusoma humo. Baba alikuwa msimamizi wa mabasi ya kampuni kule Industrial Area. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha wafanyakazi wamefika saiti kabla jua halijakasirika, kwa hiyo hata nyumbani alizungumza kama mtu anayepanga mabasi.

Shuleni ndiko nilikokutana na lakrosi. Ni mchezo wa fimbo yenye kineti mwishoni. Mnarushiana mpira mdogo mgumu wa raba, mnaudaka kwa kineti, mnakimbia nao mpaka golini. Watu wa kanisani kwetu waliuita mchezo wa kuvua dagaa hewani. Mimi nilikuwa kipa. Nilipewa goli kwa sababu hakuna aliyelitaka, maana ule mpira ukikupata pajani utaimba. Lakini nilipenda, jamani. Nilipenda kusimama pale jua likishazama, taa za uwanja zimewashwa, unyevunyevu umenilowesha mpaka soksi, nikiona mpira unakuja na mkono wangu umekwisha kwenda kabla sijauambia uende. Nikaanza kuota kucheza chuo kikuu, Amerika.

Sasa, huko kwao mambo ni hivi. Vyuo vinatafuta wachezaji wakingali sekondari, lakini kocha hakujui. Ni wewe umtafute. Unamwandikia. Unamtumia video fupi ukifanya maajabu. Unamwandikia tena, unamkumbusha, unajisifu bila haya hata chembe. Akikupenda anapiga simu, na akikupenda kabisa anakupa nafasi kwenye timu pamoja na ufadhili wa masomo. Na kwa kipa ni balaa zaidi, kwa sababu timu haihitaji makipa wengi. Ukilala, mwenzako amechukua, na wewe utabaki kuvua dagaa wako Doha.

Haya, mpeleke Mtaita wa Wundanyi kama Baba kwenye biashara hiyo. Nilipomweleza, Baba aliweka kikombe chini akasema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Nikamwambia, Baba, huko kizuri pia kinajitembeza, tena kinapiga kelele. Akasema basi hao ni watu wa ajabu. Mama, ambaye ndiye aliyekuwa na akili nyumbani mle, akasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Baba Wakesho." Baba akajibu kwamba yeye ana mgongo mbaya.

Kocha wetu wa shule alinisaidia kutengeneza ile video. Ilikuwa nzuri, nawaambia: mpira huu nimeudaka, ule nimeupangua kwa goti, mwingine nimeurukia mpaka nimeangukia uso. Nikamwonyesha Baba kwa mbwembwe. Aliitazama yote, mwisho akauliza, "Na mabao uliyofungwa yako wapi?" Nikamwambia hayo hayawekwi. "Kwa hiyo hii ni uongo?" Wacha tu. Nilienda kujifungia bafuni.

Hata hivyo video ilifanya kazi yake. Kocha mmoja wa chuo kikubwa, mwanamke mchangamfu ambaye timu yake niliijua mchezaji kwa mchezaji, akaandika kwamba angependa kuzungumza nami na wazazi wangu kwa simu ya video. Tukakubaliana Ijumaa, baada ya adhana ya Magharibi, kule kwao ikiwa asubuhi. Wiki nzima sikula vizuri. Niliandaa majibu, nikayasema mbele ya kioo, nikachagua blauzi.

Ijumaa ikafika. Mlango ukagongwa, akaingia Mzee Okumu, mzee wa kanisa letu na askari wa hoteli kule West Bay, amevaa suti. Kabla sijashangaa vizuri, akaingia Hajati Nalubega, Mganda, mpishi katika nyumba ya Waqatari fulani na rafiki mkubwa wa Mama, amevaa gomesi, lile gauni la kwao, ya kung'aa kama anaenda harusini. Nikamvuta Baba pembeni. "Baba, hawa wamekuja kufanya nini?"

"Mtu anataka kumchukua binti yangu ampeleke kwao," akasema. "Nitamjibu peke yangu, mimi nani? Wajomba na shangazi zako wako Wundanyi. Hapa mjomba ni Okumu na shangazi ni Hajati. Khalas. Wewe nenda jikoni ukaandae chai. Tukielewana, nitakuita uilete."

Mnaelewa jambo lililokuwa linatokea? Baba yangu alikuwa anapokea posa! Na kwetu, binti hakai sebuleni watu wakizungumza habari zake. Nililia, nikapiga mguu chini, nikamtazama Mama. Mama akaangalia zulia. Simu ikaita, nami nikasukumwa jikoni pamoja na blauzi yangu.

Flati ilikuwa ndogo, kwa hiyo nilisikia kila kitu kupitia upenyo wa mlango. Mzee Okumu alianza kwa Kiingereza chake cha kanisani, taratibu, kama anasoma matangazo. "Kocha, karibu sana. Tumesikia kwamba mmeona kitu kwenye nyumba yetu, mkakipenda."

"Ndiyo, tumempenda sana!" akasema yule mama kocha. "Yuko hapo nimsalimie?"

"Yuko jikoni. Tukielewana, ataitwa."

Yule mama akacheka, akidhani ni utani. Kisha akamwomba Baba amweleze, kwa maneno yake mwenyewe, mimi ni mchezaji wa namna gani, uwezo wangu mkubwa ni upi. Nikashika ukingo wa sinki. Sema, Baba. Hata uongo kidogo tu.

Baba akakohoa. "Ni mtoto wa kawaida tu. Asubuhi ni mzito kuamka. Kazi za nyumbani anafanya akiamrishwa. Na huo mchezo, bado anajifunza."

"Lakini video yake ilikuwa—"

"Ile video wameikatakata. Mabao yapo, tena mengi, hasa upande wa kushoto. Mkitaka tutawatumia."

Niliuma kitambaa cha vyombo. Haki ya nani, nilikiuma! Sasa lazima niwaeleze, kwa sababu hapo ndipo uchungu wote ulipo. Katika posa, baba wa binti hasifu. Anashusha. Anasema mtoto wake hajui kupika, ana mdomo, hafai. Na wageni nao wanajua kazi yao: wanaruka juu, wanasema hapana mzee, sisi tumejionea kwa macho yetu, hatutaki mwingine. Ndiyo mchezo wenyewe. Nami kule jikoni nilingoja yule kocha aruke juu. Akasema tu, "Oh. Okay." Masikini, hakujua kwamba ilikuwa zamu yake.

Na Baba hakuwa amemaliza. "Nina swali moja," akasema. "Siku akiumia, asiweze kucheza tena, mtanirudishia, au atabaki kuwa mtoto wenu mpaka amalize masomo?"

Nilisikia mpaka redio ya fundi cherehani huko chini. Kisha yule kocha akasema ni swali zuri sana, kwamba atazungumza na wenzake, kwamba tutawasiliana. Na simu ikakatika.

Mzee Okumu alifurahi sana. "Wamekwenda kushauriana na wazee wao," akasema. "Ni watu wenye heshima." Hajati akaitikia kwamba watarudi tu, wanarudigi. Mimi nilikuwa nimesimama jikoni na sinia mkononi, chai ya tangawizi imeshafanya utando juu. Hakuna aliyeniita niilete.

Hawakurudi. Baadaye niliona kwenye ukurasa wa timu yao picha ya msichana mwingine, kipa mpya, anatabasamu na nafasi yangu. Nilimfuata Baba sebuleni nikamwonyesha simu. Nilisema maneno ambayo Mama alifunga dirisha yasisikike. Nilimwambia ameniharibia maisha, kwamba wenzangu wana wazazi wanaowasifu mpaka mate yanakauka, na yeye anafungua mdomo kuwaambia watu siamki mapema na nafungwa kushoto!

"Mtu akikimbizwa na swali, Wakesho," akasema taratibu, "siku ya shida atakimbizwa na nini?"

Ala! Methali tena! Sikumsemesha mpaka Mama akachoka kubeba salamu kati yetu. "Mwambie baba yako chakula tayari." "Mwambie binti yako ahsante." Nyumba ndogo ile.

Mama hakukata tamaa. Yeye na kocha wetu wa shule waliituma ile video kwingine na kwingine, na hatimaye akajitokeza mzee mmoja mwenye mashavu mekundu, kocha wa chuo kidogo mahali pa theluji, ambacho mimi hata sikukitaka. Nilimsihi Baba, nikapiga magoti kabisa: safari hii peke yetu, tafadhali. Akaniinua. Jioni Mzee Okumu akaingia na suti yake, Hajati na gomesi yake, nami jikoni na sinia. Nilikuwa nimechoka hata kulia.

"Ni mtoto wa kawaida tu," nikasikia Baba anaanza. Nikaegemea friji nikafumba macho.

"Siamini," akasema yule kocha mzee. "Nimeitazama video yake tena na tena. Mtoto wa kawaida hasimami golini namna ile."

Nikafumbua macho. Mzee Okumu akaguna, ule mguno wake wa kuridhika.

"Anakula sana," Baba akasema.

"Chakula tunacho."

Hajati akacheka mpaka akapiga mapaja. Ndipo Baba akauliza swali lake lilelile, neno kwa neno. Yule mzee akasema kipa wake wa sasa aliumia bega na hatacheza tena. Kila mechi msichana huyo anakaa kando ya kocha kwenye benchi, anamsaidia kuwasoma wapinzani. Masomo anaendelea, na chumba chake ni kilekile. "Sijui jibu lingine," akasema. "Ni mtoto wetu."

Kiti cha Baba kikalia. Kisha nikasikia sauti yake ya kupanga mabasi: "Wakesho! Leta chai!"

Niliingia na sinia. Baba alichukua kikombe akakiinua mbele ya simu, na yule mzee huko kwenye theluji yake akainua kikombe chake cha kahawa, bila kujua ametia sahihi kitu gani. Hajati akapiga vigelegele, na jirani akagonga ukuta. Wote walikuwa wanacheka isipokuwa mimi. Mimi bado nilikuwa nawaza ile timu kubwa.

Nilikwenda nikiwa nimenuna, nikacheza nikiwa nimenuna kwa muda, kisha nikasahau kununa. Kisha jioni moja ya mvua niliruka kushoto, ndiyo, kushoto kule kule, goti likabaki nyuma. Daktari alinieleza kwa upole kwamba sitacheza tena. Nilikuwa nimelala hospitalini, mbali na kila mtu anayenijua kwa jina la nyumbani, nikampigia Baba nikiwa tayari kwa methali.

Hakuleta methali. Hakuuliza hata goti. Aliuliza, "Kocha yuko wapi?"

"Yuko hapa, Baba. Amekaa tangu jana. Ameniletea supu, mbaya ajabu."

Nami nikamwona tena sebuleni kwetu, amevaa shati lake jeupe, amewakalisha Mzee Okumu na Hajati kulia na kushoto. Yeye asingeweza kupanda ndege akaja kukaa kwenye kiti hiki cha kando ya kitanda changu, na alilijua hilo tangu siku ile. Mimi nilidhani ameshindwa kuniuza. Kumbe alikuwa anatafuta mtu wa kukaa hapa.

"Baba? Upo?"

Nikasikia kwa mbali redio ya fundi cherehani, na sauti ya Baba ikikwaruza kidogo, haisemi na mimi: "Mama Wakesho. Weka chai."