Mama wa Guta na Ndoo Yake

Miaka ile sabuni na sukari tulivipangia foleni. Filamu za eksirei hata foleni yake haikuwepo. Kule hospitalini Musoma, nilikokuwa mpiga picha, ilibaki filamu moja tu, na niliilinda kwa ukali hadi wenzangu wakanichoka.

Zilizotangulia ziliharibikia kwa mama mmoja mkulima wa pamba kutoka Guta. Alikuwa na uvimbe kwenye taya, na kichwa chake kilitikisika bila kukoma, kulia na kushoto, kama mtu anayekataa kila unachomwambia. Nilimshika kidevu, nikamfunga kitambaa kwenye paji la uso, nikambembeleza, nikafoka. Picha zikatoka ukungu mtupu. Daktari alishasema wazi kwamba mfupa ukiwa mzima ataukata uvimbe mwenyewe. Bila kuuona, hashiki kisu. Nilimwambia mama akapumzike nje, nikabaki na hasira zangu.

Siku hiyo mabomba yalikuwa makavu. Mama yule hakuwa mtu wa kukaa bure. Alichukua ndoo ya plastiki, akateremka ziwani pamoja na waliokuja kuuguza ndugu zao. Nilimwona dirishani akirudi. Ndoo imejaa pomoni, mikono yote miwili iko chini, na kichwa kimetulia tuli.

Nilitoka mbio. "Mama, usitue."

"Kikibeba mzigo kinatuliaga, mwanangu," alisema, akinishangaa.

Nikamwingiza na ndoo yake, nikamsimamisha, nikamwegemezea filamu shavuni ndani ya kasha lake, mashine nikailenga kwenye taya tu. Nikabonyeza.

Niliingia chumba cha giza kuisafisha. Kisha taya likajitokeza ndani ya dawa, mstari mmoja safi, mfupa mzima, kila jino mahali pake. Nilicheka peke yangu mle ndani. Sijawahi kuringa namna ile maishani.

Daktari aliiinua picha dirishani, akaitazama sana, akanipiga bega. Akamgeukia mama, ambaye alikuwa ameshaitua ndoo, na kumuuliza kama anakubali kupasuliwa. Kichwa kikatikisika, kulia na kushoto. Daktari akaanza kumtuliza, kwamba asiogope, atachomwa sindano ya ganzi.

Mama alimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha akainama, akajitwika ndoo yake, akasimama wima mbele ya daktari.

"Nimekubali," alisema.