Turbo ya Bwana Shamba

Biashara ilipofunguliwa na magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika bandarini, nami nikaona siwezi kupitwa. Nilikuwa afisa kilimo Kibiti, mtu wa bara niliyezoea kuitwa Bwana Shamba hata na wasiojua jina langu, na nilikuwa nimechoka kurushwarushwa nyuma ya gari la ofisi pamoja na magunia ya mbegu. Nikanunua gari dogo jeupe lililoandikwa turbo ubavuni. Hilo neno ndilo lililoniponza. Turbo yenyewe ilifanya kazi gani, sikujua, lakini nilimweleza kila aliyeuliza, na wasiouliza pia.

Wakati huohuo binti yangu alichaguliwa kujiunga na shule ya bweni, nje kidogo ya Dar es Salaam. Alitakiwa kuripoti Ijumaa kabla ya jioni, vinginevyo nafasi yake apewe mwingine. Aliniomba jambo moja tu: "Baba, unipeleke wewe mwenyewe." Alikuwa hajawahi kulala mbali na nyumbani, na aliogopa kuingia mahali pale bila mtu wake. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, baba yake anayo turbo.

Jumatano gari likaanza vituko. Likiwa limesimama linanguruma vizuri, mtaani linakwenda kwa adabu zake. Lakini ukifika mwinuko wa kuelekea Mahege ukakanyaga mafuta, turbo ikianza tu kuvuma, gari linakohoa, linashtukashtuka, linakufa nguvu. Wazee wawili wenye baiskeli wakanipita palepale, na mmoja akanipa pole. Sijawahi kuichukia pole kama ile.

Nikalipeleka kwa fundi, Mndengereko mmoja mtaratibu aliyezeekea chini ya malori. Nikamwambia tatizo ni plagi. Akabadilisha plagi. Nikamwambia basi ni chujio la petroli. Akabadilisha na chujio, halafu akajifuta mikono. "Bwana Shamba," akasema, "sasa niachie na mie niwaze."

Alhamisi aliazima geji ya upepo kwa mziba pancha, akaiunga kwenye bomba la petroli kwa mpira mrefu uliotokea chini ya boneti, kisha akaifunga juu ya kioo cha mbele, usawa wa macho yetu, kwa vipande vya mpira wa tairi la ndani. Watu wakatoka madukani kuangalia. Tukaupanda ule mwinuko. "Tazama mshale," fundi akasema. "Turbo inasukuma hewa nyingi, kwa hiyo petroli nayo isukumwe zaidi, la sivyo injini inakaa na njaa. Mshale ulitakiwa upande. Wako unashuka." Ulikuwa unashuka kweli, tena bila haya.

Alikagua kile kipira chembamba kinachopandisha presha ya petroli turbo inapofanya kazi, akakikuta kizima. Pampu, iliyokuwa ndani ya tangi chini ya kiti cha nyuma, aliisikiliza kwa kulaza sikio kwenye kiti hicho. Ilikuwa inalia kwa kuvuta kitu kisichokuja.

"Tangi hii ishafunguliwa tangu gari ije?" akaniuliza.

"Halijaguswa," nikasema.

Uongo mtupu! Miaka ya shida tulikuwa tunauziwa petroli ya kwenye mapipa, ina kutu, ina maji, na kila dereva aliyejiheshimu aliichuja kwa kipande cha kanga. Mimi nilijiona mjanja zaidi. Nilishona kifuko cha kitambaa cha marekani, nikauvisha mdomo wa bomba la kuvuta petroli ndani ya tangi la gari la ofisi, na gari halikuziba tena. Bosi alinisifu mbele ya wafanyakazi wote. Basi turbo ilipofika, kabla hata sijaiosha, nilifungua tangi nikaivisha pampu kifuko, tena cha tabaka mbili, kwa kuwa Wajapani hawaijui petroli ya Rufiji.

Fundi alipouliza, nilijua. Nilijua palepale. Ila gereji walikuwepo madereva wanne niliowachosha kwa mafunzo ya turbo, nami nikaona bora pampu ife kuliko mimi niaibike. Fundi wa watu akahangaika na nyaya mpaka jua likazama.

Ijumaa alfajiri tukarudi tena gereji. Basi la Dar lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili. Binti yangu akaja na sanduku lake juu ya mkokoteni.

"Baba, basi linajaza."

"Ngoja kidogo, fundi anamalizia."

Akakaa juu ya sanduku. Honi ikalia stendi, akainuka. "Baba, si twende wote na basi?"

Mimi? Mwenye turbo nipande basi? "Nimesema subiri!" nikafoka.

Alisubiri kidogo, kisha akasema, "Baba, mimi nakwenda." Nikampungia spana bila kuinua kichwa. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Saa mbili fundi alichoka na heshima. Aling'oa kiti cha nyuma, akafungua tangi bila kuniuliza, akatoa pampu ikiwa imevaa kifuko changu, kimejaa tope na kimenywea. Akautazama mshono kwa makini. "Bwana Shamba, kumbe na Japani wanashona kwa uzi wa magunia?" Madereva walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nikacheka, maana ningefanyaje?

Kifuko kilipotoka, mshale ulipanda kama alivyosema, na gari likaruka. Basi nililikuta Mkuranga limesimama, linapakia mkaa. Nikagonga dirisha. Binti yangu akaniambia sanduku lake liko juu kwenye keria, chini ya magunia ya mkaa, halitoki. "Tutaonana hukohuko, baba," akasema, akafunga kioo.

Shuleni nilifika mbele yake kwa saa mbili nzima. Nikaegesha pale ambapo kila mzazi angeliona gari. Alipokuja, sanduku kichwani, nilitaka kumpokea, akasema amezoea. Nikamfuata mpaka kwenye meza ya mwalimu wa zamu, aliyekuwa anaandika bila kuinua macho.

"Umeletwa na nani?"

"Nimekuja mwenyewe," akajibu.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, ufunguo wa gari mkononi.