Ndama Mwekundu wa Baba

Harufu ya pamba iliyoanikwa juani, ikichanganyika na moshi wa malori ya wanunuzi binafsi, ndiyo hunirudisha Bariadi ya utoto wangu. Biashara ya pamba ilikuwa imefunguliwa kwa kila mnunuzi, malori yakawa yanatufuata hadi nyumbani, nami nikikaa juu ya lundo la pamba naota kwamba siku moja lori mojawapo litanibeba nikaione Mwanza. Msimu huo mayu, ndivyo tulivyomwita mama, alijifungua mtoto mweupe pee, nywele zake kama nyasi za kiangazi. Akamwita Limi, yaani jua. Mimi nilimpenda palepale. Baba hakumgusa.

Baba mweusi, mayu mweusi, mimi mweusi kama chungu. Basi baba akaamua kwamba mtoto ni wa dereva wa lori. Mchana mmoja akatoka zizini na fimbo ya kuchungia. “Sema, baba yake nani?” “Ni wewe, baba Kabula!” mayu akalia, akimwita kwa jina langu. “Nani mwingine?” Fimbo ikatua. Nilisikia mkono wa mayu ukikatika kama bua la mtama. Akaanguka, akamfunika Limi kwa kifua, na fimbo ikaendelea mgongoni. Nikapiga kelele, “Baba! Na yule ndama mwekundu? Mama yake mweusi, dume letu jeusi, mbona ng’ombe hukumpiga?” Baba mdogo, aliyekuwa ameegemea uzio akitazama tu, akaangua kicheko. “Eh, kaka! Kumbe hata dume lako linaibiwa!” Mzaha ule ndio uliotumaliza. Fimbo ilinipasua nyusi, kisha ikamrudia mayu, mpaka wanawake wa jirani walipopiga mwano, ule ukelele wa hatari, wakaja na michi kumzuia.

Babu yangu wa Malampaka, baba yake mayu, akarudisha ng’ombe wa mahari, nasi tukarudishwa kwake. Asubuhi ya kuondoka, mchuuzi mmoja alikuwa zizini akimtaka ndama mwekundu. “Yaya!” baba akakataa. “Huyu wangu, kazaliwa kwangu.” Mayu alisikia, Limi akiwa mgongoni.

Kidato cha nne, ambako ndiko masomo yangu yalikoishia, mwalimu alitueleza vinasaba: mtoto hupewa nusu na mama, nusu na baba, na weupe kama wa Limi, yaani ualbino, hujificha ndani ya watu weusi mpaka nusu mbili zikutane. Nililia darasani, wenzangu wakadhani naumwa. Leo Limi ni fundi cherehani mjini, kofia yake pana, maneno mengi kunishinda. Watu bado humkodolea macho, ila hakuna anayemgusa. Mkono wa mayu haujanyooka. Mimi nina mwanangu, mweusi tii, na nikimwogesha huwaza kwamba huenda naye ameficha jua lake. Baba alilitafuta kwa fimbo mgongoni mwa mayu. Nusu yake ilikuwa katika mkono ulioishika fimbo.