Bushi ya Kandambili

Saa moja na dakika ishirini na mbili asubuhi, tukiwa tunaikaribia Makandana kutokea Masoko, mkono wa gia uling'oka na kubaki mkononi mwa baba yangu. Baba hakushtuka. Aliupapasa kuanzia kirungu cha juu mpaka ncha ya chini yenye grisi, akaunyoosha upande wangu.

"Kimetoka," alisema. "Shika kitu chako."

Nilikanyaga klachi, nikaliacha pikapu lijiburute hadi ukingoni mwa barabara. Lilikuwa limebaki kwenye gia ya tatu, na mlima uliokuwa mbele yetu haupandwi kwa gia ya tatu.

Ilitupasa kufika hospitali ya misheni kule Igogwe kabla ya saa nne. Baba alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari wa macho alikuwa anapita siku hiyo moja, na tulikuwa tumeambiwa kwamba baada ya saa nne haandikwi mtu. Ziara iliyofuata ingekuwa baada ya miezi saba. Baba alikuwa amefika mahali pa kuisalimia migomba, akisubiri iitikie.

Pikapu nililinunua katika miaka ile ya ruksa, shamba moja la chai lilipopiga mnada magari yake ya zamani. Lilikuja na kitabu cha maelekezo cha Kijapani. Nilikisoma kwa kufuata picha, jioni baada ya jioni, na kwa njia hiyo nikajua ugonjwa wa gia kabla sijakutana na fundi yeyote. Chini ya mkono wa gia kuna kirungu kidogo, na kirungu hicho huvaa kikombe cha plastiki kinachoitwa bushi. Bushi ikilika, mkono hulegea. Wa kwangu ulikuwa umelegea kama mwiko ndani ya chungu cha uji. Bushi mpya ilipatikana Mbeya kwa shilingi elfu sita na mia tano, na nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa elfu moja na mia mbili. Nilikuwa nimeamua kusubiri.

Wakati nasubiri, nilitengeneza utaratibu. Gia ya tatu ilikuwa na tabia ya kuruka, kwa hiyo mke wangu aliketi katikati ya kebini na kuushika mkono wa gia kwa ncha ya kanga. Nikisema "tatu", anashika. Nikisema "achia", anaachia. Alikuwa hodari kuliko bushi.

Lakini siku hiyo mke wangu hakuweza kuketi kebini. Kwetu Unyakyusani mkamwana hakutani na baba mkwe. Hamtazami usoni, hamwiti jina, haketi naye chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja huingia shambani. Wakristo wengi walikuwa wameanza kulegeza. Baba alikuwa mzee wa kanisa na hakulegeza hata kidogo. Mke wangu alilazimika kusafiri nasi, kwa kuwa mama alikwisha kufariki na mgonjwa wa kulazwa anahitaji mtu wa kumpikia. Chakula kingefikishwa kitandani na mwuguzaji mwingine. Basi yeye alikaa nyuma, juu ya mkungu wa ndizi na gunia la mkaa, amejifunika turubai, mvua ikimnyeshea. Kazi ya kushika gia ilimwangukia baba, na baba alivuta gia kama anavyovuta mbuzi.

Dirisha dogo la nyuma ya kebini lilikuwa halina kioo. Sauti ya mke wangu ikaingia.

"Baba watoto, mwambie abiria wa mbele gia huwa haivutwi. Inashikwa tu."

Tulizungumza Kinyakyusa wote watatu, na wote watatu tulisikia vizuri. Hata hivyo nilipeleka ujumbe, kwa kuwa ndiyo desturi.

"Baba, unaambiwa gia haivutwi."

"Uliambie gunia la huko nyuma," alisema baba, akitazama mbele asikokuona, "kwamba mimi nimeendesha jembe la ng'ombe kabla halijazaliwa."

"Unaambiwa..."

"Nimesikia," alisema mke wangu. "Mwambie ng'ombe hana bushi."

Nilifungua raba ya kuzuia vumbi, nikaichunguza ncha ya mkono wa gia. Bushi ilikuwa imebaki vipande vitatu vidogo kama meno ya mtoto. Nilikuwa na spana namba kumi na namba kumi na mbili, bisibisi, kisu, grisi kwenye kopo la maziwa, na uzi wa nailoni. Sikuwa na cha kuvalisha kirungu. Nilijaribu kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Kilikuwa chembamba, mkono ukachezacheza vilevile. Nilijaribu ganda kavu la mgomba lililokunjwa mara nne. Lilidumu mpaka gia ya pili.

Saa mbili kasoro dakika saba.

"Unahitaji kitu cha namna gani?" aliuliza mke wangu dirishani.

"Mpira. Unene wa kidole kidogo, usiwe mgumu kama tairi."

Kisha kitu cha buluu kikapita juu ya kebini. Alikusudia kukitupa upande wangu, maana kupenyeza mkono dirishani au kushuka na kuja mlangoni kungemkutanisha na baba. Upepo ukakigeuza. Kiliingia kwa dirisha la kushoto na kutua mapajani mwa baba.

Ilikuwa kandambili, ya mguu wa kushoto, mpya, mke wangu ameivaa wiki mbili tu.

Sijui sheria inasema nini juu ya kiatu cha mkamwana mapajani mwa baba mkwe. Nadhani haipo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiria. Nyuma nilisikia turubai likivutwa haraka. Mke wangu alikuwa amejifunika kichwa.

"Ni nini hiki?" aliuliza baba.

"Ni spea, baba."

Aliipapasa taratibu. "Spea hii ina kamba."

"Ndiyo, baba."

"Ina joto."

Baba alikaa nayo kwa muda ambao sikuupima, na hilo ndilo jambo pekee la asubuhi ile ambalo sikulipima. Kisha akainyoosha kwangu kwa vidole viwili.

"Mimi sioni," alisema. "Ndiyo maana napelekwa hospitali. Umesema ni spea, basi ni spea. Kata."

Nilikata ukanda wa upana wa vidole viwili kutoka kisiginoni, nikauzungushia kwenye kirungu, nikaufunga kwa uzi mizunguko tisa, nikapaka grisi na kuurudisha mkono mahali pake. Ulikaza. Gia ya kwanza iliingia, ya pili ikaingia, ya tatu ikaingia na kukaa. Baba aliweka mkono juu yake kwa mazoea, halafu, bila shaka akikumbuka kilichokuwa chini, akauondoa na kuuweka gotini.

Tulifika saa nne kasoro dakika kumi na mbili. Waliandika jina la baba la mwisho kabisa kwenye orodha, na kesho yake akafunguliwa jicho la kulia. La kushoto waliliacha kwa ziara ijayo.

Siku ya nne tuliruhusiwa. Baba alitoka mlangoni akiwa amefungwa kitambaa jicho moja, na wakati huohuo mke wangu akatokea kwenye kona ya jiko la wauguzaji akiwa na sufuria. Hakukuwa na shamba la kuingia. Baba aliinamisha uso mara moja, kama inavyotakiwa, na kwa jicho lake jipya akaona miguu. Mguu wa kulia ulivaa kandambili ya buluu. Wa kushoto ulivaa nyekundu, ya kupewa na mwuguzaji mwenzake, kubwa kuliko mguu.

Tulipokuwa garini, kila mtu mahali pake, aliuliza:

"Kandambili ni bei gani?"

"Mia tano, baba."

"Iliyokatwa ni moja." Akatoa mia mbili na hamsini kwenye leso. "Mpe."

"Baba watoto," sauti ikaingia dirishani, "mwambie abiria wa mbele kwamba Tukuyu hakuna duka linalouza mguu mmoja."

"Lijibu gunia," alisema baba, "kwamba hata mimi nimefunguliwa jicho moja. Siku nikifunguliwa la pili, nitalipa mguu wa pili. Na uliambie ndaga fijo."

Ndaga fijo kwetu ni asante sana, na nyuma nikasikia turubai likivutwa tena hadi kichwani.

Miezi saba baadaye alifunguliwa la kushoto, na jioni ileile akanikabidhi mia mbili na hamsini nyingine nizipeleke. Bushi ya buluu ilikuwa bado imekaza. Ilidumu mpaka nilipoliuza pikapu, na aliyelinunua hakuuliza kuhusu gia. Mbeya sikwenda. Niliokoa shilingi elfu saba na mia saba.