Siri Niliyokwenda Nayo Lisbon

Harufu ya satini iliyopigwa pasi ya mvuke haijanitoka puani mpaka leo. Ndiyo iliyokuwa harufu ya duka la Dona Amélia, pale Rosettenville, kusini mwa Johannesburg, ambako Mama alishona magauni ya maharusi kwa miaka tisa. Mimi nilifanyia kazi zangu za shule chini ya meza ya kukatia vitambaa, miguu yangu ikiwa imefukiwa kwenye vipande vyeupe vilivyoanguka, mgongo ukiwa umeegemea hita. Dona alikuwa mjane wa Kireno, mfupi, mwenye miaka sabini na kitu, aliyevaa nyeusi kila siku huku akiuza nguo nyeupe. Mama alikuwa ametoka Tanga na Kiingereza chake kilikuwa cha kuombea uzi na kuulizia saa, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake. Nilikuwa mtoto wa Johannesburg hasa: Mama alinisemesha Kiswahili, nami nikamjibu Kiingereza, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu. Baba alikuwa dereva wa malori ya Lubumbashi. Tulimwona wiki moja, tukamkosa tatu.

Majira ninayoyakumbuka ni ya kipupwe, nilipokuwa na miaka kumi. Nyasi za kando ya barabara zilikuwa zimekauka na kuwa rangi ya mkate, na asubuhi moshi wa makaa ulikuja mpaka dirishani. Dona alikuwa amesema tangu mwanzo wa mwaka kwamba anataka kwenda Lisbon, mji aliozaliwa na kuuacha akiwa msichana, akanunue lesi na vifungo vya duka kwa mkono wake mwenyewe, na akauone mtaa wao kabla hajafa. Mwanawe wa pekee, aliyeishi Cape Town, alikubali kumkatia tiketi kwa sharti moja: asiende peke yake. Dona akamchagua Mama. Na kwa kuwa shule zingekuwa zimefungwa, na Baba angekuwa njiani, akasema, "Mlete na Zuhura. Atakusemea." Mama hakuwahi kupanda ndege. Alikuja Afrika Kusini kwa basi, siku nne, akiwa na mimba yangu. Usiku aliponiambia kwamba tutakwenda Ulaya alinong'ona, kana kwamba majirani wakisikia safari itafutwa.

Wiki mbili kabla ya kuondoka, Dona alinichukua twende kununua mkate. Tuliporudi tukasimama kwenye robot, kama tunavyoziita huku taa za barabarani, tukingoja zituruhusu kuvuka. Zikaturuhusu. Dona hakuvuka. Alikuwa anaangalia kulia, kisha kushoto, kisha kulia tena, mkate ameubana kifuani. Duka lake lilikuwa mbele yetu, upande wa pili, na jina lake limeandikwa juu ya mlango. "Nyumba ya baba," akaniuliza taratibu, "iko upande gani?" Nikacheka, nikidhani ni mchezo. Hakucheka. Taa zikabadilika mara mbili. Nilipomshika mkono na kumvusha, akili zikamrudia, macho yake yakatulia, akanitazama kwa aibu niliyokuwa sijawahi kuiona kwa mtu mzima. "Hili tusimwambie mama yako," akasema. "Ataogopa, na safari itakufa." Nilikuwa nimekwisha kuwaambia watoto wote wa darasa langu kwamba nakwenda Ulaya. Nikasema sawa.

Tangu siku ile sikulala vizuri. Nilimchunguza Dona kama mtu anavyochunguza maziwa yaliyo motoni. Alipotafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake, nilimwonyesha kabla Mama hajageuka. Aliponiita kwa jina la dada yake, nikaitika upesi ili Mama asitambue. Kule ofisi ya viza, mtumishi alipomuuliza Dona tarehe ya kurudi, nilimjibia mimi, na Mama akanifinya kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Nilitamani mara elfu kusema, na kila mara niliiona ndege ikiondoka bila sisi.

Lisbon ilitupokea kwa mwanga mwingi kuliko tuliowahi kuuona. Tulikuwa tumetoka kwenye baridi na makoti, tukakuta jua linalokataa kuzama. Mama aliyazungukia madirisha ya chumba chetu cha kupanga akingoja Magharibi, ikafika saa tatu usiku ndipo anga likaanza kugeuka rangi, naye akawa anacheka peke yake kwamba hapa mtu angefunga Ramadhani akaanguka. Nyumba zilivaa vigae vya buluu na njano ukutani, nguo zilining'inia juu ya vichwa vyetu, na mawe ya njiani yalikuwa yamesuguliwa na miguu mpaka yakateleza. Tulipanda tramu ya njano iliyolia kwenye kila kona. Tulipanda mpaka kwenye ngome ya kale na kuuona mto, mpana hata nikadhani ni bahari. Kwenye kila duka la vitumbua vya maziwa Mama alinisukuma mbele niulize kama kuna mafuta ya nguruwe, na watu wakamtazama yeye na kilemba chake, kisha mimi, kisha wakajibu kwa upole. Ninajua tulikuwa na furaha, kwa sababu picha zipo na sote tunacheka. Lakini katika kila picha mkono wangu umeshika sketi nyeusi ya Dona.

Siku ya pili alitupeleka mtaani kwao. Tulizunguka kilima kile kwa saa nzima, ngazi baada ya ngazi, Dona akisema, "Ni hapa, baada ya kona hii," na kona ikawa na kona nyingine. Mama alisema mji umebadilika. Mimi nilijua. Mwishowe tukafika kwenye kiwanja kidogo chenye kanisa na bomba la maji la mawe, na Dona akaunyooshea kidole mlango wa kijani. Hakugonga. Alisimama akiuangalia mpaka Mama akamwambia jua ni kali.

Siku ya tatu ndiyo ya manunuzi. Duka la vifungo lilikuwa jembamba, refu, lenye droo ndogo ndogo kutoka sakafuni hadi darini, na kwenye uso wa kila droo kimeshonewa kifungo kimoja ili ujue kilichomo. Mzee mwenye duka alipanda ngazi, akashuka, akapanda tena. Mama alivua uoga wake wote mle ndani. Aliifunua lesi mezani, akaiinua kwenye mwanga, akaipima kwa mkono, akatikisa kichwa, akaitisha nyingine, na yule mzee akamwelewa bila neno moja, kwa kuwa wote wawili walikuwa mafundi. Kabla ya kuinamia kazi alikuwa ameniambia, "Mshike Dona mkono." Nikamshika. Kisha nikaiona droo ya vifungo vya watoto, samaki, punda, meli, kila kimoja kimechongwa kwa mfupa, na mkono mmoja haukutosha kuvigusa.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Nilipogeuka, kiti alichokuwa amekalia Dona kilikuwa kitupu, na mlango ulikuwa wazi.

Mama aliinua uso kutoka kwenye lesi. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Pasipoti." Zote tatu zilikuwa kwenye mkoba wa Dona, na ndani ya mbili kati ya hizo vilikuwamo vibali vyetu vya kuishi Johannesburg, vilivyomchukua Mama miaka sita ya foleni. Tukatoka nje. Barabara ilijaa watalii wenye kofia, kila mwanamke mzee akiwa amevaa nyeusi. Mwenye duka alitufuata, akasema kwa Kiingereza kwamba ataita polisi, na Mama akalijua neno hilo moja, akanishika bega kwa nguvu. Kwetu, polisi walikuwa watu wanaokuomba karatasi, na karatasi ndizo tulizokuwa hatuna.

Hapo nikasema. Nilisema kwa Kiswahili, ili yule mzee asisikie. "Mama, Dona anasahau. Anapotea."

"Tangu lini?"

"Tangu Rosettenville. Aliniambia nisikwambie."

Nilingoja kofi. Mama akaniuliza, "Akipotea, huwa anatafuta nini?"

"Nyumba ya baba yake."

Hakungoja polisi. Alinikokota mkono tukapanda kile kilima. Mimi ndiye niliyetakiwa kukumbuka njia, na njia yenyewe tuliipita mara moja, tukiwa nyuma ya mtu asiyeijua. Nilikumbuka duka la samaki wakavu, nikakumbuka ukuta wenye kigae kilichong'oka, kisha sikukumbuka chochote. Tuliingia kwenye uchochoro uliokwisha kwa ukuta. Tukarudi. Niliwauliza watu kwa Kiingereza liko wapi kanisa lenye bomba la maji, nao wakanionyesha makanisa matatu. Mama alikuwa anasoma dua kwa sauti ya chini, bila kukoma, na viatu vyake vikateleza akaanguka kwa goti, akainuka bila kuliangalia. Nililia bila sauti, kwa sababu nilihisi sina haki ya kulia.

Tukasikia maji kabla ya kukiona kiwanja. Dona alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wa kijani, viatu amevivua na kuvipanga kando yake sawasawa, kama mtoto aliyekatazwa kuingia na vumbi. Mikononi hakuwa na mkoba. Lakini mwanamke mmoja akachungulia kutoka mlango wa jirani, akamwona Mama, akaingia ndani na kutoka na mkoba ule mweusi, akaonyesha kwa vidole jinsi wezi wanavyochomoa vitu vya watalii. Alikuwa amemfichia. Alikuwa amempa na maji, na bilauri ilikuwa pale chini. Mama aliufungua mkoba, akaziona pasipoti, akaufunga. Dona alimtazama Mama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni, akamwambia kitu kwa Kireno. Yule jirani alijua Kiingereza kidogo. Akanieleza kwamba bibi anasema mama yake amechelewa sokoni, naye amechoka kungoja.

Nilimtafsiria Mama. Alikaa kwenye ngazi, akakichukua kiatu kimoja, akakipangusa, akamvalisha Dona, kisha cha pili, akafunga kamba polepole. "Haya, Dona," akamwambia kwa Kiswahili. "Twende nyumbani." Dona hakujua Kiswahili. Akainuka, akamshika mkono, tukashuka.

Siku mbili zilizobaki Mama alilala akiwa ameegemeza kitanda mlangoni, na pasipoti zikawa ndani ya nguo zake. Lesi na vifungo tuliviacha kwa yule mzee, ingawa baadaye vilikuja kwa posta. Kwenye ndege aliketi katikati yetu, akampakulia Dona chakula, akamfuta mdomo. Kwangu hakusema neno, saa kumi na moja angani, wala nyumbani hakuligusa jambo lile. Mwana wa Dona alikuja kutoka Cape Town kabla ya kipupwe kwisha. Duka likafungwa, Dona akapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na Mama akaondoka na cherehani moja aliyopewa. Jumapili tulikwenda kumwona. Alimpokea Mama kwa furaha kila mara, akidhani ni mtu mwingine. Alifariki nilipokuwa kidato cha kwanza. Na mimi nikakua nikiamini kwamba kile kimya cha ndegeni kilikuwa hukumu yangu: kwamba nilimpoteza mwanamke mzee ili niione Ulaya, na Mama alijua.

Siku hizi mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nikiwapeleka watoto matembezini nawahesabu mpaka walimu wenzangu wananicheka. Simu yangu hunionyesha alipo binti yangu kila saa, na bado naangalia tena. Mama angali Rosettenville, anashona kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, macho yamepungua lakini mkono uko palepale. Kipupwe kilichopita nilikuwa nimekaa naye, binti yangu akifanya kazi zake za shule sakafuni, na bila kupanga nikamuuliza lile nililolibeba kwa zaidi ya miaka ishirini.

"Mama, kule Lisbon, mbona hukunigombeza?"

Alikata uzi kwa meno. "Ningekugombeza kwa lipi? Mwaka mzima nilikuwa nafumua pindo za Dona akishapanda kulala chumbani kwake juu ya duka, nazishona upya. Gauni la binti mmoja alilikata mikono miwili ya kushoto. Nilijua kabla yako, Zuhura. Nilikuwa naona haya kukutazama."

"Ulijua, na ukakubali twende?"

Akauzungusha uzi kidoleni. "Nilitaka kuiona Ulaya," akasema.

Binti yangu aliinua kichwa. Naye ni mtoto wa Johannesburg, anasikia Kiswahili nusu na kujibu Kiingereza, akauliza Bibi amesema nini na kwa nini mimi nalia. Zamani ningemwambia hakuna kitu, aendelee na hesabu zake. Nikaketi naye sakafuni, nikamsimulia yote, tangu kwenye robot hadi kwenye mlango wa kijani. Mama akasimamisha cherehani yake ili asikilize, na pale nilipokosea akanisahihisha.