Mhuri Kifuani

Zulfikar, mpiga picha wa Tinde, alikuta picha aliyompiga Paskalina, binti wa muuza maziwa, imebandikwa kwenye saluni moja ya Rwamgasa ili kuvutia wateja. Hakuna aliyeombwa ruhusa, si yeye wala binti. Aliporudi akachongesha mhuri wa jina lake, na tangu hapo kila picha ilitoka studio na ZULFIKAR kwa wino mwekundu, kifuani kabisa, mwizi asiweze kuukata. Wateja walinung'unika. Aliwajibu waende wakajipige wenyewe.

Mwaka 1996 Paskalina alimpa mchumba wake picha mpya, naye akaipeleka kwao Kharumwa, kwa wafugaji. Haukupita muda, wazee wawili wakaingia studio wamevaa makoti. Zulfikar akawaamkia, akawasogezea kiti cha kupigia picha. Hawakukitaka.

"Tumekuja kumposa Paskalina," alisema mkubwa wao.

"Mimi si baba yake, mzee."

"Mbona ana chapa yako?"

"Niliipiga ili asiibwe."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. "Hata sisi ng'ombe wetu tunawapiga chapa kwa sababu hiyo hiyo. Nasi si wezi. Ndiyo maana tumekuja kwa mwenye chapa."