Jiwe la Mzee Hassanali na Mstari Uliobaki

Safari nzima ilinigharimu shilingi elfu sabini, na nimezihesabu mara mbili: nauli ya kwenda na kurudi elfu arobaini na nne, mzigo elfu kumi na tano, bajaji elfu sita, tumbo langu elfu tano. Mzigo wenyewe ulikuwa jiwe la kaburi. Mimi ni mchonga mawe hapa Mbeya, natoza kwa herufi, na kwa desturi yangu mstari wa mwisho nauchora kwa penseli tu. Siukati mpaka jiwe lisomwe kwa sauti mbele ya mkubwa wa familia. Mkubwa wa familia hii yuko Iringa, ana miaka themanini na mmoja, na moyo wake hauruhusu tena kupanda basi. Ikabidi jiwe limfuate.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, stendi ya Mbeya, kondakta alilipiga teke gunia langu akataka elfu thelathini.

"Kuna nini humu?"

"Jiwe la kaburi."

Akaurudisha mguu haraka. "Lete kumi na tano, na abiria wangu usiwaambie."

Chimala tulisimama kidogo, wauza mchele wakagonga madirisha, na simu yangu ikaita. Alikuwa Bwana Anwar wa Dar es Salaam, mtoto wa kiume wa marehemu Mzee Hassanali aliyezikwa zamani; ndiye aliyeagiza jiwe na kulilipia.

"Fundi, mstari wa mwisho usiguswe. Alizaliwa Goth Nurani, Pakistan. Dada yangu atakupigia hadithi ndefu. Wewe kata."

Kufika Makambako alikuwa ameshapiga tena mara mbili, maneno yale yale.

Saa saba mchana, Iringa. Bajaji ilipanda mlima na jiwe, mimi nikilishikilia kama mgonjwa. Mama Shirin, dada yake Bwana Anwar na mkubwa wa familia, alinipokea kwa salamu ya Kihehe mlangoni pa duka la zamani la baba yake, ambalo siku hizi amempangishia muuza vipuri.

"Kamwene, fundi. Chai kwanza, maneno baadaye."

Baada ya chai nikaliegemeza jiwe ukutani, nikasoma. Jina, sawa. Tarehe, sawa. Nilipofika "Pakistan" akainua mkono.

"Hapo baba hakuwahi kukanyaga."

Akanisimulia, polepole, akipumzika kila baada ya maneno machache. Baba yake alikulia Sindh, jimbo lililokuwa India wakati wa Mwingereza na leo liko Pakistan. Akiwa kijana alichoma nguo za Kiingereza barabarani pamoja na majirani zake, Waislamu kwa Wahindu, wakafungwa seli moja. Walichotaka ni nchi moja iliyo huru. Alipotoka jela hakupata kazi, akaja Iringa, akafungua duka.

"La nini?" nikauliza.

"La nguo za Kiingereza." Akacheka mpaka akakohoa. "Tulikuwa watoto sita, fundi. Ungetuvisha wewe?"

Kisha cheko likaisha. Siku redio ilipotangaza kwamba nchi yao imepata uhuru na imekatwa vipande viwili, India na Pakistan, baba yake alifunga duka siku tatu. Wateja wakaja kutoa pole, wakidhani amefiwa. Hakuwakatalia. Wale majirani Wahindu wa seli moja walikimbilia ng'ambo ya mpaka. Mmoja tu ndiye aliyewahi kuandika barua. Miaka iliyofuata, vijana wa hapa walipoanza kudai uhuru wa Tanganyika, aliwapa chumba cha nyuma wakutane. Kodi hakutaka. Aliwaambia jambo moja: mkishaipata, msiigawane.

"Andika India," akasema. "Ndiyo aliyofungwa kwa ajili yake."

"Mama, India herufi tano, Pakistan nane."

"Kumbe kwako ukweli una punguzo!"

Tukampigia Bwana Anwar, simu ikiwa kwenye spika. Hakuwa mjinga yule bwana. "Dada, fungua ramani. Kijiji kiko Pakistan, binamu zetu wanaishi pale. Wajukuu wangu wakienda India kukitafuta, watamkuta nani?"

"Basi weka kijiji peke yake."

"Kijiji ambacho hakuna anayekijua? Baba awe mtu asiye na kwao?"

Mama Shirin akavuta pumzi kwa shida. Aliposema tena, sauti ilikuwa ndogo.

"Anwar, mimi nataka kuliona limesimama kabla sijalazwa pembeni yake. Na sitaki tulisimamishe tukiwa hatusemezani. Mgawanyiko mmoja ulimtosha baba. Fundi hana upande. Aandike yeye, sisi wote tukubali."

Bwana Anwar alikohoa. "Nimekubali. Ijumaa nakuja, dada."

Nikajaribu kukataa. Mama Shirin akanipa patasi yangu mwenyewe mkononi.

Jana nimerudi Mbeya, jiwe nimeliacha kwake, mstari bado ni wa penseli. Nimechonga makaburi mengi, na sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kubaki pale pale na nchi ikahama chini ya jina lake. Alhamisi napanda basi tena, nikaukate kabla Bwana Anwar hajafika. Ndugu msomaji, hasa wewe ambaye wazee wako walitoka huko au waliishi duka kwa duka na watu wa huko, nishauri: baada ya "Alizaliwa Goth Nurani", nikate neno gani?